Kamba ya Bendera

Valentin, chef, mkuu wa bureau yetu ya serikali hapa Butembo, alirudi kutoka kusoma formation ya siku tatu kule Beni, commune ya Ruwenzori, akiwa na kofia ngumu ya njano na brevet, cheti cha usalama kazini. Brevet aliitundika ukutani. Kofia hakuivua hata wakati wa kula.

Juma lililofuata akaamuru citerne ya uani isafishwe. Ni shimo la saruji la kuwekea maji, chini ya ardhi. Mlango wake mtu mmoja anapita kwa shida. Mpira wa motopompe, mashine ya kuvuta maji, ulikuwa mfupi, basi akaagiza mashine yenyewe ishushwe ndani. Ikanguruma mle saa nzima, moshi wote ukibaki chini.

Walipoitoa, Valentin akamwita Octave, sentinelle wetu wa kulinda lango. "Ingia, utoshe matope inje."

Mama Kavuo, anayefagia bureau, akaweka ufagio chini. "Chef, hapana. Kwetu Kipese shemeji yangu alikufa ndani ya kisima vile vile. Ile moshi inaua mutu. Tuache wazi mpaka kesho."

"Mama, mwenye brevet ni mimi ao ni weye?"

Nilikuwa pale. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nangojea saini yake kwenye karatasi ya kuomba congé, likizo yangu.

Kavuo akaenda kwenye mlingoti, akashusha bendera, akaikunja vizuri juu ya kiti, akarudi na kamba. Akamfunga Octave kifuani.

"Unamufunga kama mbuzi ya soko!" Valentin akacheka.

Octave akashuka. Alijaza ndoo moja. Alipoinamia ya pili, akaanguka juu yake bila kutoa sauti.

"Mutu aingie amutoshe! Mbio!" Valentin alipiga kelele, huku akirudi nyuma. Ananie, secrétaire, akavua koti. Kavuo akamzuia kwa mikono miwili.

"Na weye unataka kulala mule? Kamata kamba!"

Tukavuta, sisi watu wanne. Octave akatoka amelegea kama nguo mbichi. Hospitalini walimpa oksijeni siku mbili. Alipopona hakurudi kazini. Mke wake Julienne alikuja kuchukua koti lake la mvua, hakutusalimia. Sasa wanalima viazi Alimbongo.

Valentin aliandika ripoti ya kurasa tatu: kwa ufundi alioupata Beni, agent mmoja wa bureau aliokolewa. Wakubwa wakampongeza, wakamwita tena Beni, safari hii akafundishe wengine.

Kabla hajaondoka, akampa Kavuo naye barua, demande d'explication, ya kumtaka ajieleze: kwa nini alishusha bendera saa za kazi bila ruhusa? Akajibu kwa mstari mmoja: "Mutu alikuwa anakufa." Valentin akairudisha. Haikuwa na numero wala objet, yaani kichwa cha kusema barua inahusu nini.

Kavuo akaomba karatasi nyingine kwa Ananie. Juu akaandika numero 1. Chini yake: "Objet: Mutu alikuwa anakufa." Sehemu yote iliyobaki akaiacha nyeupe, akatia saini, akaenda kumalizia kufagia.