Sikio la Mhasibu

Baba mtu alipofariki, ndipo mkewe alipojua kwamba kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa kwa miezi kadhaa. Marehemu alikuwa dereva wa lori, mkono wazi, mtu wa kuwanunulia soda hata asiowajua, na mkewe hakuwahi kumuuliza pesa inaingia vipi na inakwenda wapi. Machozi hayajakauka, mwenye nyumba akaleta vijana wakatoa vitu nje. Binti yao mdogo alikaa juu ya kitanda kando ya barabara, kakumbatia mto, wapita njia wakimtazama.

Mama akaapa kwamba mwanawe hatayaona hayo tena. Alikuwa msusi, mwenye kiti kimoja tu katika saluni ya watu. Kila Jumamosi akifunga kazi, akawa anakwenda ukumbi wa mtaa, ambako mama mmoja mstaafu wa benki alifundisha bure mambo ya fedha. Mwanzoni riba na bajeti vilimpita kushoto, akawa anasinzia. Baadaye akaanza kuelewa, na alichokielewa alikipeleka nyumbani kikiwa bado cha moto.

"Hiki tunakihitaji au tunakitamani tu?" humuuliza binti wakiwa dukani.

Binti akalipenda swali. Akalihamishia saluni.

"Shangazi, hizi rasta za rangi unazihitaji au unazitamani?"

Wanawake walicheka wakashika mbavu. Wakambandika jina la Mhasibu, na mama naye akawa Mama Mhasibu. Jina hilo alitembea nalo kama nguo mpya. Akamfungulia binti akaunti ya akiba, na mstaafu akamsifu mbele ya darasa: samaki mkunje angali mbichi.

Mwaka mmoja likizo ilipoanza, Mhasibu alipata mafua. Yakaisha, lakini akawa haitiki akiitwa.

"Masikio umeyatia nta?" mama alimkaripia. "Naongea na ukuta?"

"Samahani mama, sikusikia."

Siku hizo alikuwa akijifunga kitambaa kichwani na kukataa kusukwa. Mama akadhani ni utundu wa kukua. Shule ilipokaribia kufunguliwa, alimkalisha kwa nguvu katikati ya magoti yake, akaanza kugawa nywele. Alipofika upande wa kushoto, chanuo likagusa pamba. Akaivuta. Ilikuwa imelowa usaha, na harufu yake ilimfanya ageuze uso.

"Hili sikio linauma tangu lini?"

"Siku hizi haliumi tena."

Hospitalini, daktari alichungulia kwa muda mrefu. Akasema ngoma ya sikio imetoboka na ugonjwa umeingia ndani. Usaha wangeutibu, ila kusikia kwa upande ule hakuweza kuahidi.

"Mngekuja mapema," alisema kwa upole, "ingekuwa dawa ya kawaida tu."

Walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha dawa. Mama alijaribu kuituliza sauti yake.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilijiuliza kama nahitaji au natamani. Nikaona naweza kuvumilia."

"Dawa inahitajiwa. Dawa haina swali."

"Lakini ungetoa kwenye pesa ya kodi, mama. Wangekuja kututolea vitu nje."

Mama alimvuta kifuani, na watu waliokuwa wakisubiri dawa wakatazama pembeni.

Akiba yote ilitolewa, ya mama na ya mtoto. Kulikuwa na sindano, vipimo, kisha upasuaji. Pesa ilitosha. Usaha ukakauka, lakini sikio la kushoto halikusikia tena.

Jumamosi aliyorudi darasani, mstaafu alimuuliza anaendeleaje na Mhasibu wake.

"Nilimfundisha kufumba mkono," alisema Mama Mhasibu. "Sikumwambia unafumbuliwa lini." Akaketi, akalia, na somo likaishia hapo.

Tangu hapo hakumficha binti kitu. Kila alipolipwa alimwonyesha: hii ya kodi, hii ya chakula, hii ya kuugua.

"Hii ya kuugua imewekwa ili itumike," alimwambia.

"Ikiisha je?"

"Tutaweka nyingine."

Mhasibu aliitikia kwa kichwa. Hata hivyo kila aliposikia hodi mlangoni, alimtazama mama kwanza.

Alasiri moja alikuwa akifagia nywele saluni. Mteja mmoja akamwita kutoka upande wa kushoto, akamwita tena, yeye akaendelea kufagia.

"Leo Mhasibu ananiringia," mteja alisema akicheka.

Mama aliweka chanuo chini. Alimzunguka mwanawe hadi upande wa kulia, akainama, akamwambia taratibu kwamba shangazi anamwita.