Koti Lililosubiri Jumamosi

Jirani yetu Ginka anasema hakuiba. Anasema aliingia duka la mitumba Jumamosi kutafuta foronya ya blanketi, kama mtu yeyote mwenye heshima zake, akachukua ya kwanza iliyomjia mkononi, akalipa, akatoka. Barabarani, anasema, mama mkwe wangu Tsona alimkimbilia, akamvuta skafu na kumtukana matusi ambayo yeye, Ginka, hawezi kuyarudia mbele za watu. Kisha anayarudia, yote, kwa mpangilio. Eti ni alipofika nyumbani tu ndipo lilipomdondokea kutoka ndani ya foronya koti la sufu la kijani, lenye vifungo vyake vyote sita. Alishangaa sana, masikini.

Mimi nilikuwepo, nimeshika mfuko. Habari ya skafu ni kweli.

Hapa Lom, mji wetu mdogo wa Bulgaria, duka la karibu na stesheni hupokea mzigo Jumatatu. Siku hiyo kilo ni leva thelathini na sita. Kila siku zinapungua sita, hadi Jumamosi kilo inakuwa leva sita na watu wanapigana viwiko. Jumatatu huenda walimu na mke wa daktari wa meno, kununua. Sisi pia huenda Jumatatu, kuficha.

Kwa kubana matumizi, mama mkwe hana mpinzani. Bomba la jikoni kwetu hudondosha tone moja moja ndoani kutwa kucha, polepole kiasi kwamba mita haishtuki. Mifuko ya nailoni inafuliwa na kuanikwa. Mume wangu yuko Hispania anachuma machungwa, na mshahara wangu unakaa kwa mamake, maana kwangu ungeweza kutumika.

Nafanya kazi kiwandani, nashona mikono ya makoti. Yakiwa mapya yanakwenda Ujerumani. Wajerumani wakiyachoka yanarudi Lom, tunayapima kwa kilo. La kwangu mimi lilichanika mgongoni mwezi wa kumi na moja, likakataa hata kiraka. Na basi la kiwanda hupita saa kumi na moja na nusu alfajiri, iwe theluji au isiwe.

Jumatatu ile tuliliona. Nikalivaa. Lilinikaa vizuri hadi nikasahau kupumua.

"Vua," mama akasema. "Usilizoee."

Akalikunja, akalisokomeza ndani ya foronya ya maua, akaizika kwenye sanduku la mashuka, ambako kila kipande ni leva mbili siku zote na hakuna anayechimba. Kisha kila siku alikwenda kulitazama, kama mgonjwa hospitalini. Aliibonyeza foronya kidogo, akaridhika, akaondoka. Mwanamke ambaye hajanunua shuka tangu harusi yake! Ginka, aliyekuwa upande wa viatu, ana macho mawili na yote yanafanya kazi.

Alhamisi baridi ilifika nyuzi tisa chini ya sifuri.

"Mama, tulichukue leo. Ni kilo mbili tu."

"Leo kilo ni leva kumi na nane, Jumamosi sita. Unataka kuwagawia watu leva ishirini na nne? Umerithi kiwanda?"

"Nasikia baridi, mama."

"Baridi ni ya bure, mwanangu. Weka gazeti kifuani."

Nikaweka. Ijumaa nikaanza kukohoa kama trekta. Duka la dawa walitaka leva thelathini na moja. Mama akamuuliza muuzaji kama bei hushuka mwisho wa juma. Haishuki.

Jumamosi tulikuwa mlangoni kabla ya kufunguliwa. Lakini Ginka alikuwa mbele yetu, na hakuhangaika na nguo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashuka.

"Lete hiyo, mwizi we!" mama alipiga kelele barabarani, skafu ya watu mkononi.

"Risiti hii hapa, Tsona. Foronya moja. Ya kwako iko wapi?"

"Mna koti langu humo!"

"Koti lako? Ulilinunua lini, shoga?"

Mama akafungua mdomo. Akaja na yale matusi.

Jana, Jumapili, Ginka alipita kwenda kanisani amelivaa. Linambana mabega, vifungo viwili tu ndivyo vinavyofunga. Mama alimtazama dirishani, akasema walau hatukupoteza senti. Nikakohoa kidogo.

Jioni alikuwa anabandua lebo ya chupa ya pilipili, polepole, ili karatasi isichanike. Upande wa nyuma wa lebo huandikia orodha ya manunuzi.

"Mama," nikasema, "kesho ni Jumatatu, mzigo unaingia. Naomba leva sabini na mbili katika mshahara wangu. Ninunue koti kesho hiyo hiyo, nitoke nalo mwilini."

Kucha zake zikasimama juu ya lebo. Kisha akanyanyuka, akachukua sufuria na kwenda roshani, tunakoweka chakula tangu friji ilipozimwa kwa ajili ya majira ya baridi. Akaufunga mlango nyuma yake, joto lisitoke.