Wakoma Wanne na Mvua ya Jumatano

Hebu niambie, umeshawahi kumwona mzee wa miaka sabini na moja ananyata kwenye uwanja wake mwenyewe kama mwizi wa kuku, na alichoficha ndani ya koti ni Biblia? Mimi nimemwona. Tena ndiye aliyenioa.

Jina lake Dastan. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo, akastaafu, tukarudi hapa Igowole kwenye chai yetu na ng'ombe wetu mmoja. Huwa namtania, namwambia, "Baba Anjela, karatasi ulizotengeneza zinatosha kuifunika Mufindi yote, ila kusoma hata moja hutaki." Anacheka, anavuta kofia mpaka puani, basi.

Biblia tunayo, ya jalada jeusi, tulipewa siku ya ndoa. Inakaa kabatini imefunikwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, ua jekundu pembeni. Anayeisoma ni mimi. Dastan kanisani hakosi, besi anaiimba mpaka benchi linatetemeka, ila kwa miaka arobaini na minne sikuwahi kumwona akiifungua kwa mkono wake. Na hicho ndicho kitu kimoja nilichokuwa namwomba Mungu kila asubuhi nikikoka moto: nisife kabla sijamwona mume wangu ameifungua mwenyewe, kwa hamu yake. Yeye sikumwambia. Nilijua nikimwambia ataifungua kama mtu anavyomeza kwinini, anakunja sura halafu anakunywa maji.

Sasa hiyo hamu, kusema kweli, hata kwenye jumuiya yetu ya kanisa haikuwepo. Tunakutana kila Jumatano saa kumi, sebuleni kwetu kwa sababu ndiyo kubwa. Nilikuwa nasoma, nao wanakaa. Saulo seremala, mstari wa pili tu mdomo uko wazi kama ndoo. Veneranda, tunayepakana naye shamba, anabambua maharage mapajani, anasema maharage hayazibi masikio. Dastan yuko chini ya kofia yake. Nikimaliza nauliza, "Tumejifunza nini?" Wote wanaamka kwa pamoja: "Tumejifunza kumpenda Mungu!" Siku moja nilisoma orodha ya majina ya wazee na watoto wao, ukurasa mzima, hakuna kingine. Nikauliza. Wakajibu kumpenda Mungu.

Basi ikaja Jumatano ile. Mwinjilisti alikuwa ametupangia kitabu cha Wafalme, pale mji wa Samaria ulipozingirwa na Washami, hakuna anayetoka wala anayeingia, na njaa imekuwa kali mpaka kichwa cha punda kinauzwa kwa vipande themanini vya fedha.

Maharage ya Veneranda yakasimama. "Kichwa cha punda?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Pamoja na masikio?"

"Haijasema masikio yametolewa."

Saulo akafumbua jicho moja. Nikaendelea. Nabii anasema kesho saa kama hizi unga utauzwa rahisi langoni. Ofisa wa mfalme anamdharau. Nabii anamwambia, utauona kwa macho, kuula hutaula. Na nje ya lango wamekaa wakoma wanne, wanashauriana: tukikaa hapa tunakufa, tukiingia mjini tunakufa, twendeni kwa hao hao maadui, wakituua basi tumekufa. Wakaondoka. Wakafika ukingoni mwa kambi ya Washami...

Mvua ya Mufindi haipigi hodi. Ilishuka juu ya bati, yote kwa mkupuo mmoja, nikaona midomo ya watu inasema "Eeh?" na sauti siisikii. Nikapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wapi! Tukakaa tunatazamana kama samaki. Ilipopungua kidogo, kila mmoja alikumbuka ng'ombe wake hajakamuliwa, wakajifunika magunia wakakimbia. Nikafunga kitabu, nikaenda kuinjika viazi.

Kesho yake asubuhi niko katikati ya mistari ya chai, ukungu haujaondoka, nasikia sauti ng'ambo.

"Kamwene, Mama Anjela."

"Kamwene, Veneranda."

"Umeamkaje nyumbani wazima wale wakoma waliuawa?" Yote kwa pumzi moja!

Nilitaka kumwambia, ulimi tayari umefika kwenye meno. Halafu, sijui alikuwa malaika au ni utundu wangu wa tangu darasa la nne, nikasikia mdomo wangu unasema, "Biblia si unayo?"

"Ninayo, ila iko ndani ya sanduku, na juu ya sanduku nimepanga mahindi."

"Basi hamisha mahindi."

Akanitazama kama nimemmwagia maji. "Yaani Rozalia mimi na wewe tumefikia huko?"

"Tumefikia."

Saa sita akaja Saulo. Anataka kuazima msumari. Fikiria, seremala amekuja kuazima msumari kwa bibi kizee!

"Wa inchi ngapi?" nikamuuliza.

"Wowote tu." Akasimama, akakuna goti. "Mama, hivi wale jamaa..."

"Jamaa gani?"

"Wale wanne bwana, usijifanye."

"Saulo, uliwasikiaje na ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimefumba macho nipate kuwaona vizuri!"

Nikampa msumari. Hadithi sikumpa. Alipogeuka niliingia jikoni nikacheka peke yangu, nimejishika tumbo.

Jioni nilipita dukani kwa Chiku, karibu na stendi. Chiku ni Mwislamu, ukoo wao asili yao pwani, ila amezaliwa hapa hapa na baridi yetu anaijua. Kabla sijataja mafuta akatoka nyuma ya meza.

"Mama Anjela, hapana, hapana. Veneranda amekuja kununua chumvi, ameniachia vita na wagonjwa wanne mlangoni kwa adui. Nipime vipi sukari mimi?"

"Mfuate aliyekuachia."

"Anasema bado anahamisha mahindi!"

Tulicheka mpaka wateja wakadhani tumepagawa.

Ijumaa simu ikalia. Ni Anjela, binti yangu, ana saluni yake Soweto kule Mbeya. "Mama, unawafanya nini watu wazima? Mama Veneranda amenipigia niko na mteja, kichwa nusu nimesuka nusu bado, anataka nikubembeleze umwambie. Na mimi nikapandwa na hamu. Nikafungua kwenye simu, mteja akasema soma kwa sauti. Mama, saluni nzima tuliacha kazi!"

"Usimwambie mtu!"

"Simwambii. Ila Mama, kumbe kule ndani kuko hivi?"

"Ndivyo kulivyo."

"Na sisi mlikuwa mnatufundisha kumpenda Mungu tu, hamkutuambia kuna wakoma!"

Basi unaona nilivyokuwa. Kila ninakopita nimeshikiliwa kitenge. Aliyekuwa kimya ni mmoja tu, Dastan. Anakula, anashukuru, anaenda kukata majani ya ng'ombe. Hata swali haulizi. Nikimtazama moyo unanishuka kidogo. Nikawa nasema, Bwana, umewaamsha mpaka wa Soweto, na huyu wangu je?

Jumamosi nikienda kabatini, ua jekundu la kitambaa limetazama chini. Mimi ua nalitazamisha juu siku zote. Nikasimama pale. Mwizi gani huyo anayekunja kitambaa?

Jumatatu saa tisa, jua linachoma vizuri, namwona Dastan amevaa koti lake zito la kiwandani na mkono ameubana ubavuni kama aliyevunjika. Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Ananyata kwenda bandani kwa ng'ombe. Nikachukua beseni la maganda ya viazi, nipate sababu, nikamfuata kwa nyuma ya mbao.

Alikuwa anamsomea ng'ombe!

Kidole kwenye mstari, silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Wa... ka... ki... mbi..." Anakwama. Anarudi nyuma, anaanza tena. Mimi huku nyuma ya ubao neno limenijaa mdomoni, nataka kupiga kelele, wakakimbia, mzee, wakakimbia! Nikajaza ncha ya kitenge mdomoni nikaing'ata. Ng'ombe anacheua. Halafu akalipata mwenyewe.

"Wakakimbia! Kumbe wamekimbia! Wewe, umesikia? Jeshi zima limekimbia, na chakula wameacha kwenye mahema!" Akampiga ng'ombe kofi la mgongoni, ng'ombe akalia mbuuu, nami kicheko kikaniangusha chini, kwenye matope, na maganda yote kichwani.

Nilirudi jikoni kinyumenyume, nimejiziba mdomo. Siku mbili sikusema neno. Unajua siku mbili zilivyo ndefu kwa mwanamke mwenye jambo kama hilo kifuani? Nilikuwa nikimpakulia chakula nasikia kicheko kinapanda, nageukia moto nasema moshi, moshi. Nilijua nikisema tu, "Nimekuona," ataifunga na haitafunguka tena.

Jumatano watu walianza kufika saa tisa. Watu thelathini na mmoja, niliwahesabu! Wengine wa jumuiya ya ng'ambo ya bonde, wameleta na viti vyao. Saulo amebeba benchi begani na Biblia kwapani. Veneranda hana maharage. Chiku naye akaja mpaka mlangoni.

"Mimi sikai. Nimeleta tu majani ya chai."

"Majani ya chai, Mufindi?" akasema Veneranda. "Mpeni kiti huyo."

Sikupata hata nafasi ya kusoma. Wote walikuwa wamesoma, na wote wanabishana. Saulo anasema yeye angekula kwanza wiki nzima ndipo aende kumwambia mfalme kwamba kambi haina mtu.

"Ndiyo maana hakuwekwa Saulo pale langoni," akasema Veneranda. "Mji wote ungekufa, mmoja anajichokonoa meno."

"Lakini na wao walificha vitu kwanza!"

"Walificha, halafu wakaona haya. Wewe haya unazo?"

Tukacheka, mama mmoja wa ng'ambo akaanguka na kiti chake. Nikapiga makofi kuwanyamazisha. Nikaona hawa wameshiba kwa wakoma, wamesahau kitu. Nikauliza, "Haya. Na yule ofisa aliyemdharau nabii, aliishia wapi?"

Kurasa zikaanza kufunuliwa, fya fya fya. Huyu anatafuta kwenye Zaburi, yule miwani imeteleza.

"Alikanyagwa."

Sauti imetoka chini ya kofia.

"Langoni," ikaendelea. "Mfalme alimweka asimamie lango. Watu waliposikia kuna unga, walimpitia juu. Aliuona, hakuula."

Watu thelathini wakageuka. Saulo akasimama kabisa. "Mzee Dastan! Nani amekusimulia?"

"Hakuna."

"Huyu kanong'onezwa na mkewe!"

"Huyu mke?" Dastan akasukuma kofia nyuma. "Umemwomba tangu Alhamisi, amekupa msumari."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Kilipopungua akasema kwa sauti ndogo, "Nimesoma."

Veneranda akapiga kigelegele, Chiku akadakia, watu wanapiga makofi kama ni harusi. Mimi machozi yananitoka, sijui ya kicheko au ya nini. Na Dastan anaona wote wanamtazama, uso umemwiva, akainuka. Akashika njia ya mlangoni, anasema ng'ombe, ng'ombe hajapewa maji. Nikasema basi, tumemfukuza, kwa furaha yetu hii tumemfukuza.

Alifika mlangoni, akashika mwimo. Akasimama. Watu bado wanapiga makofi, akainua mkono wake mkubwa, tukanyamaza.

"Siku ya mafundisho ya kipaimara," akasema, "mwalimu alinisimamisha nisome mstari mmoja. Nikakwama kwenye neno. Watoto wote wakanimalizia, kwa pamoja, kama kwaya. Na tangu siku hiyo, kila nikishika kitabu kuna mtu ananimalizia. Kiwandani walinimalizia. Nyumbani..." Akanitazama. "Nyumbani nako."

Nikatazama mikono yangu. Barua ngapi za Anjela nilimpokonya akiwa mstari wa kwanza, nikidhani namsaidia. Nilijisifu subira mwaka hadi mwaka, na neno moja la mume wangu sikuwahi kulisubiri likafika.

"Sema unachotaka, mzee," Saulo akasema, naye amelainika. "Sema tu."

Dastan akavua kofia kabisa, akaiminya mikononi.

"Nataka zamu. Nimeitaka tangu nikiwa kijana. Jumatano ijayo nisome mimi, polepole, hata jua likituzamia. Nikikwama, niacheni nikwame. Mtu asinisaidie hata neno moja. Na wewe Rozalia, hasa wewe."