Jumamosi Saa Kumi kwa Mwinshehe

Kama hujawahi kudharauliwa, nenda Ujiji, kwenye chumba cha gemu cha Mwinshehe, useme unalipenda lile gemu jipya la ngumi. Utakoma. Wale wazee wa pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, wamecheza lile la zamani tangu wakiwa hawana ndevu, na kwao jipya ni uchafu. Unabonyeza kitufe kimoja, moto unatoka. Ufundi uko wapi hapo? Gervasi, muuza samaki wa migebuka wa mwalo wa Katonga na bingwa wao wa miaka yote, alishatangaza kwamba hata kuku akikanyaga pedi anashinda.

Nathaniel alilipenda hivyo hivyo. Alikuwa mpima ardhi wa serikali, mtu wa Same, mwaka wa tatu sasa yuko Kigoma, na uhamisho wa mkewe Elinipa kumfuata kila mara unakwama mezani kwa mtu. Siku za kazi alipima viwanja Simbo na Kidahwe. Jumamosi saa kumi alasiri aliingia kwa Mwinshehe, kwenye intaneti isiyokatika ovyo, akacheza na mwanawe Noel wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa Same akitumia mashine ya gemu ya mjomba wake. Simu aliiweka wazi kando ya skrini ili wasikilizane.

Kabla ya gemu, kumpigia Noel simu kulikuwa kazi. Shikamoo baba. Shule nzuri. Sawa baba. Basi, mtoto anampa mama yake simu. Nathaniel alikuwa akibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa, roho inamuuma, asijue amuulize nini mtoto ambaye kila likizo anamkuta amerefuka.

Sasa kwa Mwinshehe kuna sheria: aliyeshindwa anamwamkia mshindi, hata kama mshindi ni mdogo wake wa mwisho. Nathaniel akaipeleka sheria hiyo Same. Mara ya kwanza aliposhindwa akasema, "Shikamoo, Noel," mtoto akacheka mpaka akapaliwa. Akaitikia marahaba kwa sauti nzito ya kizee, akacheka tena. Kicheko kile Nathaniel hakuwa amekisikia tangu apande treni kuja huku. Tangu hapo, mabingwa waseme watakavyo, yeye alikuwa na Jumamosi yake.

Na wala hakuwa akishindwa makusudi. Alikuwa mbovu kweli kweli. Anaruka, anapiga teke, anaruka tena.

Jumamosi hiyo alikuwa ameshapigwa mara tisa. Gervasi, nyuma yake, alikuwa akiguna kama mtu mwenye jino bovu.

"Afisa, unatuaibisha," alinong'ona. "Mtoto wa Same anaidharau Ujiji nzima. Nipe kidogo."

"Muache na gemu lake," akasema Mwinshehe kutoka mlangoni.

Hapo ndipo Nathaniel alipokosea, na alikosea kwa hiari yake. Mara moja tu, alijiambia. Hata yeye alitamani mwanawe aseme baba ni mkali. Akampa Gervasi pedi.

Gervasi hakuruka hata mara moja. Alimsogeza yule mpiganaji wa Noel kwenye skrini hadi ukutani, akamkung'uta, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chumba kizima kikashangilia. Gemu ni la kuku, lakini mkono wa fundi ni mkono wa fundi.



"Shikamoo, baba," akasema Noel.

Ilikuwa shikamoo ile ile kavu ya simu, ya miaka mitatu. Nathaniel akajikuta ameitikia, "Marahaba," kwa mazoea tu.

"Nani alikuwa anacheza?"

"Mimi."

"Wewe huwa unaruka." Mtoto alisema polepole, bila hasira. "Baba, ungeniambia tu kama umechoka. Mama akichoka ananiambia."

Gervasi akaweka pedi chini taratibu. Nathaniel aliona aibu mbele ya watu wale, lakini aliona uchungu zaidi, akaichukua simu akaisogeza karibu na mdomo.

"Sijachoka, mwanangu. Nilitaka kushinda, nikampa mtu pedi. Halafu nikakudanganya. Nimekosa. Mimi nakukumbuka wiki nzima, Noel. Nikiwa porini na kamba zangu za kupimia nakukumbuka wewe. Sichoki."

 Kwenye simu ilisikika sauti ya mlango, na ya mtu mzima.

"Mjomba amerudi, anataka mashine yake," akasema mtoto. Kisha, "Jumamosi utacheza wewe?"

"Nitacheza mimi."

"Hata nikikupiga?"

"Hata ukinipiga."

"Usimpe mtu."

"Simpi mtu."

Simu ikakatika. Mwinshehe akasema hiyo nusu saa ya kucheza hatamdai. Gervasi akakohoa, akatafuta neno, mwisho akasema, "Afisa, nikufundishe kidogo? Uache kuruka ruka."

"Hapana, ndugu yangu," akasema Nathaniel. "Nikiacha kuruka hatanijua."

Akawasha gemu, akacheza peke yake na mashine mpaka adhana ya magharibi, akipigwa.