Uso Niliouchora Kawetele

Ungo ulimponyoka mama mkwe, maharage yakatawanyika hadi mafigani. Karatasi yangu aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota mkia wa nyoka.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Huyu umemwona wapi?"

"Kawetele, mama. Anapamba ukuta wa darasa jipya. Fundi wa wapi, sijui."

"Hujui! Mwanangu, huyu ni baba yake Jotham. Ndiye mkweo."

Nikajifunika khanga usoni.

Ndoa yangu ilikuwa mbichi bado, mwaka ule wa kuhamia kijiji cha ujamaa. Na kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Akikohoa njiani, nilitumbukia migombani na kujifunika khanga mpaka apite. Nilimjua kwa kikohozi tu. Jotham, mume wangu, aliniambia baba yuko Kiwira. Kumbe kamati ya kijiji ilikuwa imemwita arudi kupamba darasa.

Siku ile kule Kawetele tulikuwa tukiwachotea maji wajenzi wa shule. Wenzangu walipotangulia mtoni, nikabaki kupumzika. Mzee mmoja alikuwa ameinama ukutani peke yake, akizungushia dirisha madoa kwa kidole gumba, udongo mweupe, kisha mwekundu. Hakukohoa. Nzi alimtembea sikioni, hakumfukuza. Nami penseli ya shule nilikuwa sijaiacha, ilikaa kwenye nywele. Nikachana mfuko wa saruji, nikamchora: mshipa wa shingo, udongo kwenye kope, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Hata mume wangu sikuwahi kumtazama hivyo.

"Watakurudisha kwenu," mama mkwe alinong'ona, akiokota maharage asiyoyaona.

Baba mkwe aliporudi, nilijikunyata nyuma ya ukuta wa mianzi, khanga mdomoni. Nikasikia mama akimkabidhi karatasi, naye akiikunjua. Kuni zikalia motoni.

"Mama Jotham," alisema hatimaye, "kumbe mimi hutoa ulimi?"

"Tangu ujana wako."

"Na wote mkaninyamazia!" Akakohoa kidogo. "Mkamwana alete kuku, tulisafishe jambo hili. Karatasi ichome. Mwenyewe abaki."

Sikumtazama tena, hata siku ya kumzika. Hakuwahi kupigwa picha. Wajukuu wakiuliza babu alikuwaje, wanawe husema alikuwa mrefu, mweusi, mkali kidogo. Halafu wote hunigeukia mimi.