Kamba ya Shemeji

Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia kwamba mti mkuu umeanguka. Nusura nimrukie mmoja wao. Mti haukuanguka. Mti uko palepale kwenye ua wa watu, na umeshachipua upya. Aliyeanguka ni mume wangu, mkata miti, ambaye mtaa mzima ulimwita Tumbili kwa jinsi alivyojua kupanda.

Kilichoniwezesha kumeza chakula siku zile ni jibu moja la shemeji yangu, kaka yake mkubwa. Walifanya kazi pamoja: Tumbili juu na msumeno, shemeji chini na kamba. Siku ile mimi nilikuwa nyumbani na homa. Nilipomuuliza kama mwenzangu alisema lolote kabla ya kwenda, shemeji aliinamisha kichwa akajibu, "Alikuita wewe." Jibu hilo nililala nalo na kuamka nalo. Lilikuwa likinijia hasa nikiosha vyombo, nami nalia, lakini kilio hicho kilikuwa na utamu wake.

Siku zilipopita nikatundika kibao getini: TUNAKATA NA KUPUNGUZA MITI. ULIZA HAPA. Waliokuja kuuliza walichungulia nyuma yangu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Nasema yule anayepanda."

"Unaongea naye."

Basi mtu anakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni. Mama mkwe naye akasema nimechanganyikiwa. "Mti umemla mwanangu, na wewe unaupelekea miguu yako?" Kazi niliijua, nilikuwa nimewabebea Tumbili na kaka yake matawi miaka yote ya ndoa, nilijua kunoa msumeno, na mwili wangu ni mwepesi. Zaidi ya hayo, kila nilipofungua kabati na kuuona mkanda wake wa kupandia umekaa bure, niliumia kuliko nilivyoogopa.

Shemeji hakukubali wala hakukataa. Goti lake halimruhusu kupanda, na bila mtu wa kamba hakuna kazi. Alinifundisha kwenye mti mfupi wa uani kwetu. Kamba inatoka kiunoni mwa mpandaji, inapita kwenye panda imara ya matawi juu yake, inashuka mpaka kwa mtu wa chini, naye anaizungusha kwenye shina ili shina libebe uzito. Mpandaji akitaka kusogea mbali, anasema "legeza." Akitaka kusimama, anasema "kaza." Hasogei mpaka ajibiwe. Na kamba haizungushwi mkononi hata siku moja, maana mtu akiteleza itaondoka na mkono. Pale uani nilikuwa karibu na ardhi kiasi cha kuruka, na shemeji alilegeza na kukaza bila shida yoyote. Nikaona tumeiva.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa nesi. Tawi kubwa lilikuwa limelalia paa la chumba cha watoto wake, na upepo ukivuma linakwaruza mabati, watoto wote wanahamia kitandani kwa mama yao. "Mimi damu naiona kila siku," alituambia asubuhi tulipofika, "lakini hili sitaliangalia. Nipo ndani, mkimaliza niiteni."

Shemeji alikagua fundo la kiunoni mwangu. Akalikagua tena. Akarudi akalivuta.

"Shemeji, tukienda hivi mti utazeeka uanguke wenyewe," nikamtania.

Hakucheka.

Nilipanda. Sitadanganya, niliogopa, lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nilipitisha kamba kwenye panda, nikasimama juu ya lile tawi, nikaligonga kwa mgongo wa panga kama alivyokuwa akifanya Tumbili. Likaitika kwa sauti nzito; halikuwa limeoza ndani. Nikageuza uso kuelekea kwenye paa.

"Legeza!"

Kamba haikusogea.

"Shemeji, legeza!"

"Nimekushika," akajibu.

"Najua umenishika. Nipe kamba nisogee."

"Nimekushika."

Mkanda ulinibana mbavu, nikabaki nimesimama kwa ncha za vidole. Hasira zikanipanda. "We mwanaume, umenianika kama shuka! Legeza!"

Nikatazama chini. Alikuwa ameitoa kamba kwenye shina na kujizungushia mkononi hadi kwenye kiwiko, amejilaza nyuma kwa uzito wake wote, macho ameyafumba. Kitu kilekile alichonikataza tangu mwanzo. Nikiteleza, mkono wake unavunjika, na mimi nafika chini kabla hajapiga kelele.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Usiseme hilo neno." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Sema lingine lolote, hilo usiseme."

"Kwa nini?"

"Ndilo alilosema yeye. Alisema legeza, nikalegeza. Tawi, kumbe limeoza ndani, likakatika kamba ikiwa imelegea mikononi mwangu. Hakusema kingine, shemeji. Hakukuita. Nilikudanganya."

Nililikumbatia tawi. Nilihisi nimefiwa upya, na mtu yuleyule, na safari hii bila hata mtu wa kunishika mkono. Nilitaka kushuka nimpige. Lakini kushuka kwenyewe kulikuwa mikononi mwake, na mikono ile ilikuwa imegoma. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu tulikuwa tumempa nyoka mwenyewe amshike.

Nililia mpaka nilipoweza kusema. "Irudishe kamba kwenye shina."

Hakusogea.

"Kaka," nikamwita, kama mume wangu alivyokuwa akimwita. "Alikuambia neno la kazi, na wewe ukafanya kazi. Tawi lilikuwa limeoza, basi. Irudishe kwenye shina, utaniua."

Taratibu akaufungua mkono. Kamba ilikuwa imemchora mistari myekundu. Akaizungusha kwenye shina, akaishika, akainua uso.

"Sasa nasema mimi," nikamwambia. "Legeza."

Kisha nikamsikia.

"Nalegeza."

Kamba ikaanza kuja, kidogo kidogo. Nikasogea hadi pale pa kukatia, nikasema kaza, akakaza. Nikakata nikilia, kipande kwa kipande, mpaka pasibaki tawi juu ya paa.

Chini alinifungua mkanda bila kunitazama. "Nisamehe," akasema.

"Bado," nikamjibu, na ndio ulikuwa ukweli.

Nesi alitoka, akaliangalia paa lake, akafurahi sana. Akasema jirani yake naye ana mti wa kupunguza. Shemeji akanitazama mimi.

"Tutakuja," nikasema.

Tulibeba matawi hadi barabarani, yeye upande wa shina, mimi upande wa majani. Jioni nikaosha vyombo. Nikasubiri lile jibu linijie kama lilivyozoea. Badala yake nikamsikia mume wangu, wazi kabisa, akimwambia kaka yake alegeze, na mimi simo.