Mstari wa Pili

Hyasinta alikuwa ameshakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko na kuuegemeza kwenye ukingo wa dirisha, ndipo yule dada wa maabara alipotikisa kichwa.

"Hiyo ya kwako haipo."

"Haipo vipi, dada? Wiki iliyopita mlinitoa damu hapahapa."

"Wiki iliyopita ilikuwepo. Vitendanishi vimeisha. Mashine ina dawa yake ya kupimia, na dawa haijaja. Nyuma yako nani?"

Kupitia kioo aliiona mashine yenyewe, imefunikwa kitenge kama cherehani ya fundi aliyesafiri. Taa ndogo ya kijani ilikuwa bado inawaka chini ya kitambaa.

"Sasa nifanyeje?"

"Kapime nje."

Nje, kwa lugha ya hospitali ile, maana yake ni maabara za watu binafsi, ng'ambo ya barabara. Hyasinta alishusha mkono wa gauni taratibu. Nyuma yake mama mmoja mwenye uvimbe shingoni alikuwa naye ameshakunja mkono wa nguo, anauliza kama na ya shingo imeisha. Akaambiwa zote za homoni zimeisha. Mama yule hakuondoka. Alibaki amesimama na mkono wake wazi.

Hyasinta alikuwa akija kupima kila wiki tangu mimba yake ya kwanza itolewe. Ile mimba ilikua haraka mno, tumbo likamtangulia, na kila mtu kwenye jengo lao la mtaa wa Sikukuu akasema pacha hao. Mama Allan, mama mkwe wake, alishuka kutoka Machame na mikungu ya ndizi kwenye buti la basi, akasema harudi mpaka awaogeshe wote wawili. Kisha ikapigwa picha ya tumbo, na ndani hapakuwa na mtoto. Palikuwa na vitu kama mashada ya zabibu.

Daktari Leticia ndiye aliyemsafisha. Siku ya kumruhusu alivuta kiti akakaa mbele yao wawili, yeye na Allan mumewe, na kuongea polepole kama mtu anayetaka kueleweka mara moja.

"Hapakuwahi kuwa na mtoto. Lililoota ni kondo peke yake. Nimelitoa, lakini ikibaki hata chembe inaweza kugeuka saratani, na ikigeuka inakimbilia mapafu. Chembe hiyo inatoa homoni ileile ya mimba. Ndiyo maana tutapima damu kila wiki. Homoni ikishuka mpaka iishe, umepona. Ikipanda, uje siku hiyohiyo. Inatibika, tena vizuri, na mtazaa. Ila kwa sasa usishike mimba, maana ukishika, damu haitatuambia ni kipi."

Wakiwa mlangoni akaongeza, "Na ukikohoa ukaona damu, usingoje kipimo."

Allan aliitikia kila neno. Alikuwa mtu mpole, mwenye duka la vyombo vya plastiki, asiyewahi kumpandishia mtu sauti. Lakini walipofika nyumbani na mama yake kumuuliza wamesemaje, alilegea kwenye kochi na kusema, "Mimba iliharibika, mama. Wakaitoa."

"Wakaitoa nani?"

"Wao, hospitali."

Kuanzia siku ile ndivyo habari ilivyokaa ndani ya nyumba: hospitali ilimtoa mjukuu. Hyasinta alijaribu kuinyoosha mara moja, wakati wanamenya ndizi. Mama Allan alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta shavu kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, usijisumbue kutafuta majina. Zabibu, sijui nini. Wewe utazaa tu." Na alipovikuta vidonge vya kuzuia mimba kwenye droo, hakugomba. Alivimimina kwenye sinki, akafungulia maji, akaenda kuinjika mtori.

Homoni ilishuka wiki ya kwanza. Ya pili ikashuka tena. Kisha ndiyo vitendanishi vikaisha.

Kwenda kupima nje kulimtaka Allan na pesa yake, na Allan alikuwa anapokea kontena. Kila siku ilikuwa kesho. Walipofika kwenye maabara moja ya ghorofani, karibu na Msimbazi, mvua kubwa zilikuwa zimeshapita na mwezi wake ulikuwa haujaonekana. Walikuwa wamelala pamoja mara chache, vidonge vikiwa vimekwenda na maji. Fundi wa maabara, Beno, kijana mwenye koti jeupe na ndala miguuni, alitoka na karatasi, akampita Hyasinta kwenye benchi na kumkabidhi Allan.

"Hongera, baba."

Allan aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Imepanda?" Hyasinta aliuliza.

"Imepanda, mama. Imepanda vizuri sana. Hapa hakuna kubahatisha."

"Kaka, mimi niliambiwa ikipanda ni ugonjwa."

Beno alimtazama Allan. "Mimi napima tu, bosi. Nimeombwa homoni ya mimba, na homoni ya mimba ipo. Mambo ya ugonjwa muulizeni daktari." Kisha akacheka kidogo. "Wengine wanatafuta hii miaka, wengine wakipewa wanaogopa."

Barabarani Allan alimshika mkono, jambo asilokuwa na mazoea nalo mbele ya watu. Mkokoteni wa mabeseni ulikuwa unapita, na aliyeuvuta alikuwa Shaibu, kuli wao. Aliwaona walivyoshikana, akapaza sauti, "Bosi leo umeokoka? Shikilia hivyohivyo, Kariakoo watamwiba huyo."

Allan alicheka. Walipokuwa peke yao akasema, "Na kama ni mtoto, Hya?"

"Allan, ulikuwepo. Ulimsikia daktari."

"Nilimsikia. Alisema tukishika mimba damu haitajua ni kipi. Basi na yeye hajui."

Kilichomwumiza Hyasinta zaidi, njia nzima mpaka mlangoni, ni kwamba na yeye alikuwa ameshaanza kumtafutia jina.

Mama Allan aliipokea karatasi, akaibusu, akasema "Aika Ruwa", akimshukuru Mungu kwa lugha ya kwao, na kukaa chini sakafuni, karatasi kifuani. Hyasinta hakuwahi kumwona mtu akifurahi kiasi kile kwa ajili yake. Kwao Ndanda walikuwa watoto wengi, na mama yake mzazi hakuwahi kupata nafasi ya kumkalisha mmoja peke yake akamlisha. Huyu alimlisha. Mtori asubuhi, juisi ya bitiruti mchana, na jagi la juisi ya rozela ya kuongeza damu lisilokauka mezani, jekundu, limefunikwa kisahani. Alishuka dukani akachagua beseni la bluu, dogo, lenye mgongo wa kumlaza mtoto, akaliosha kwa maji ya moto na kulitundika jikoni.

Na kila Jumapili, kabla ya ibada, alimpima. Alinunua vile vikaratasi vya kupimia mimba kwa mkojo duka la dawa, akachovya kimoja mwenyewe, akasubiri huku ameshika miwani. Mistari miwili. Alikikausha akakibandika kwa selotepu kwenye mlango wa friji. Wiki iliyofuata kingine, pembeni yake. Mstari wa pili wa kile cha kwanza ulikuwa wa waridi hafifu. Wa kilichofuata ukakolea. Wa cha tatu ukawa mwekundu kuliko wenzake.

"Unaona?" Mama Allan alimwonyesha kwa kidole. "Anapata nguvu. Huyu dume."

Hyasinta aliitazama mistari ile akitoa maji kwenye friji, akirudisha maziwa, akipita tu. Hospitali ilishindwa kumpima kila wiki. Nyumbani alikuwa anapimwa kila wiki.

"Mama, twende basi tukapige picha. Tumwone tu."

"Picha ndiyo iliyomwona yule wa kwanza, wakamchukua. Huyu asionwe na mtu mpaka akomae."

"Allan?"

Allan alikuwa anakula. "Tumsikilize mama mwezi huu. Mwezi ujao tutaona."

Matone ya damu yalianza. Mama Allan alisema hata yeye, kwa mimba ya Allan, alipata hivyo. Kisha kikaja kikohozi kikavu, cha juujuu. Vumbi la mtaa, wakasema, na viyoyozi vya dukani.

Siku moja ya katikati ya wiki Hyasinta aliaga kwamba anaenda kwa fundi wa nguo, kwa sababu kulikuwa kweli na gauni la kitenge linashonwa, la kwenda kutoa shukrani kanisani. Akapitiliza mpaka hospitali na ile karatasi ya Beno kwenye pochi.

Daktari Leticia alikuwa amehamishwa. Jalada la Hyasinta lilitafutwa kidogo, halafu likaachwa kutafutwa. Daktari aliyekuwepo alikuwa kijana, macho mekundu ya kukesha, na foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Aliisoma karatasi kwa kutupa jicho.

"Hongera. Wewe si wa hapa, ni wa kliniki ya wajawazito. Jengo la pili."

"Daktari, nilitolewa mimba ya zabibu. Niliambiwa homoni ikipanda nije."

Aliinua uso kidogo. "Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Umetumia uzazi wa mpango?"

"Nilikuwa na vidonge."

"Ulikuwa navyo au ulivitumia?"

Hyasinta aliinamia pochi yake.

"Basi unaweza kuwa na mimba, dada yangu. Inabidi tupime tena damu tuone inavyokwenda, ila hapa kwa sasa hakuna. Kule kliniki watakuandikia picha." Aliandika maneno mawili juu ya karatasi, akamrudishia. "Anayefuata."

Kliniki walikuwa wanawake kwenye mabenchi, waliokuja na waume upande mmoja, waliokuja peke yao upande wa pili. Waliokuja na waume walitangulia.

"Mwenza wako yuko wapi?" aliuliza nesi. Kwenye kifua chake palikuwa na kibati kilichoandikwa Celina.

"Yuko dukani."

"Mahudhurio ya kwanza unakuja na mwenza, mama. Hana nafasi, ulete barua ya serikali ya mtaa."

"Mimi sitaki kadi, sista. Nataka picha ya tumbo tu."

"Picha unaandikiwa ukishafunguliwa kadi. Kadi unafunguliwa ukija na mwenza." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma saa ukutani. "Na hicho kikohozi, kunywa tangawizi."

Akitoka alipita pale dirishani. Kitenge kilikuwa palepale juu ya mashine, na taa ya kijani inawaka.

Kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa alimkuta mtu anayemfahamu, mteja wa Allan. "Barua ya nini tena, shemeji? Mumeo si yule pale mtaa wa pili? Ngoja nimpigie." Akampigia. Jioni Mama Allan alimkalisha jikoni, akamshika magoti yote mawili.

"Mwanangu, nimekukosea nini mpaka unamkimbiza mjukuu wangu hospitali kwa siri?"

"Hujanikosea, mama."

"Basi kaa. Jumapili tunatoa shukrani. Nimeshamwambia mchungaji."

Jumapili asubuhi gauni la kitenge lilikuwa limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi. Allan alikuwa anafunga tai mbele ya kioo cha sebuleni. Mama Allan, ameshajifunga kilemba, alikuwa jikoni na kikopo cha mkojo na kikaratasi kipya.

Kikohozi kilimkuta Hyasinta akiwa na gauni kichwani, mkono mmoja umeingia. Hakikuwa kile kikavu. Kilitoka chini kabisa, kikamkunja, akashika ukuta mpaka jikoni, na cha karibu alichokifikia kilikuwa lile beseni la bluu. Alikohoa humo. Alipomaliza alilitazama, akaliweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kumwagika.

Allan alikuja na tai mkononi. Akachungulia. Hyasinta akamwona usoni kwamba anakumbuka. Maneno ya daktari pale mlangoni yalimfikia, yakapita machoni mwake yote.

"Nini hicho?" alisema Mama Allan. Akatazama na yeye. "Ah. Rozela hiyo. Nilimwambia asinywe na tumbo tupu."

"Sijainywa," alisema Hyasinta.

"Ya jana basi."

Alimgeukia mumewe. "Allan."

Allan alimtazama mama yake. Alilitazama beseni. Kengele ya kanisa ilianza kulia, na kwenye ngazi wapangaji wengine walikuwa wanashuka na viatu vya ibada.

"Ni rozela, Hya," alisema. Akaizungusha tai kiganjani, akarudia. "Ni rozela." Akarudi kwenye kioo, na kwa muda mrefu ikasikika tai ikifungwa na kufunguliwa.

Mama Allan aliosha beseni kwa sabuni, akalifuta, akalitundika mahali pake. Kisha akavaa miwani na kukichukua kikaratasi. Kila mara walikuwa wanangoja. Safari hii mstari wa pili ulitangulia ule wa kwanza, ukakolea mwekundu ulioiva huku mwenzake akiwa bado hafifu.

"Jamani, huyu hata hasubiri zamu yake," alisema, akacheka kwa furaha iliyomtoa machozi. Akakata selotepu kwa meno. Mlango wa friji ulikuwa karibu kujaa, akaivuta kando kalenda ya usharika kumpatia nafasi.

Hyasinta aliingiza mkono wa pili kwenye gauni na kugeuka ili afungwe zipu. Mezani, jagi la rozela lilikuwa limejaa mpaka shingoni, na kisahani juu yake hakijafunuliwa tangu asubuhi.